Breki Zilikuwa Nzima

Askari aliuliza habari za breki tu.
Alisimama mlangoni pa karakana yangu, kofia kwapani,
mvua ikimchuruzika mabegani,
akauliza nani alizifunga, lini, kwa risiti ipi.
Nikamfunulia daftari: Jumanne, saa kumi na moja jioni,
Livia Colnaghi, mkunga, baiskeli ya kijani,
waya mpya mbili, raba za nyuma, yuro kumi na nane.
Breki zilikuwa nzima.
Nilizijaribu mwenyewe juu ya mawe ya uchochoro,
gurudumu likalia kama paka aliyekanyagwa mkia, likasimama.

Kilichovunjika ni njia panda.

Mnaijua, ninyi wa upande huu wa Milano:
pale reli za tramu zinapoikata barabara kuu,
mawe yakilowa yanateleza kama kipande cha sabuni,
na mstari wa baiskeli, mweupe, mwembamba,
unakusindikiza kwa adabu zote
hadi mita sita kabla ya taa,
kisha unakuacha.
Rangi imeishia hapo, utadhani mpakaji aliitwa chakula
na hakurudi.

Livia alikuwa ametoka zamu ya usiku.
Watoto watatu, wa mwisho alitanguliza miguu
(Ornella wa wodini ndiye aliyenisimulia).
Taa ikawaka kijani kwake, kijani kwa lori la zege,
kijani kile kile, sekunde ile ile.
Yeye mbele. Lori kulia.
Dereva, Zdravko, anaapa alitazama vioo vyote vinne.
Namwamini. Nilimkuta ameketi chini, kando ya reli,
ameshika helmeti ya mkunga, hajui aiweke wapi.
Kati ya kioo cha tatu na cha nne pana pengo
linalomtosha mtu mzima na baiskeli yake.

Ajali haina kinga, walinipooza mazikoni.
Haina?
Mimi kinga naijua kwa vipimo:
ukingo wa zege, sentimita thelathini kwenda juu;
kona iliyobanwa, inayolilazimisha lori kugeuka
kama mtu aliyebeba bakuli la supu;
na sekunde tatu.
Tatu tu, za baiskeli peke yake, kabla ya injini.
Nilikwenda usiku na futi ya kushonea ya mama yangu,
nikapima nikiwa nimepiga magoti, teksi zikinipigia honi.

Mhandisi wa manispaa alinipokea vizuri, akanipa kahawa.
Sekunde tatu, alisema,
ukizizidisha kwa magari elfu arobaini, ni foleni.
Nikamwuliza, ukizizidisha kwa Livia?
Akakoroga kikombe ambacho hakukitia sukari.

Vijana wakaleta baiskeli kuukuu ya jaani
niipake nyeupe yote, mnyororo, kengele, tandiko,
waifunge kwenye nguzo ya taa.
Niliipaka. Mkono haukutetemeka.
Ila kabla ya rangi nilizikaza breki.
Fundi, haiendi popote hii, walisema.
Najua, nikasema, nikaendelea kukaza.

Leo ameingia Agnese, binti yake, miaka kumi na minne,
akikokota ile ya kijani. Polisi wameirudisha.
Fremu imenyooka, Mungu anajua vipi;
gurudumu la mbele tu limekunjwa kama mkate.
Anataka jipya. Ana pesa mfukoni, zote sarafu.
Nikauliza atapitia wapi kwenda shule.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.
Pale pale. Kwani kuna pengine?

Nimefunga gurudumu. Nimemwandikia risiti,
na chini kabisa, breki nzima, kwa herufi kubwa.
Kisha nimeteremsha mlango wa karakana mchana kweupe,
nikatoa ya kwangu,
nikashika upande wake wa kushoto,
upande wa malori.