Safu ya Nne

Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Kazi. Tabaka.
Safu nne, na mimi ndiye niliyezijaza
miaka kumi na saba, ghorofa ya pili, mjini Sliven,
dirisha likitazama bomba la moshi la kiwanda cha sufu.

Ndugu Katibu, Atanas Gochev: mfumaji.
Alifuma miezi minane, mwaka wa thelathini na sita,
kabla hajafungwa kwa ajili ya makaratasi ya siri.
Alifungwa kweli, hilo silifuti;
kucha zake mbili hazikuota tena.
Lakini tangu hapo hajagusa uzi
ila wa kifungo cha koti, na huo hushonwa na mkewe.
Safu ya nne: mfanyakazi.
Mkurugenzi: mwana wa mhunzi. Mfanyakazi.
Mwana wa Mkurugenzi, aliyesomea Moscow: mjukuu wa mhunzi.
Kalamu ikasita.
"Andika," akasema Katibu, "damu haiendi chuo kikuu."
Nikaandika.

Kila Januari nilijumlisha, nikapeleka Sofia:
asilimia sitini na moja, wafanyakazi.

Sitakidhulumu Chama.
Mama yangu alifua shuka za mwenye kiwanda wa zamani
mpaka magadi yakamla vidole.
Chama kilimfundisha kusoma akiwa na miaka arobaini,
na neno la kwanza aliloandika ni jina lake, Tsonka,
herufi kubwa kama mabehewa.
Chekechea ilijengwa. Zahanati ilijengwa.
Anayeyasahau hayo ana deni.

Ila siku moja alikuja Zdravka Moneva,
mitambo sita, zamu ya usiku,
vumbi la sufu nyweleni kama mtu aliyezeekea njiani,
na karatasi yenye majina mia moja na arobaini:
madirisha ya ukumbi wa ufumaji yamepigiliwa misumari
ili unyevu usitoke, uzi usikatike;
wanawake wanakohoa nyuzi;
kiwango kimepandishwa mara mbili kabla ya theluji.

Katibu hakufoka. Alimpa kiti, akammiminia chai.
"Ndugu Moneva, kiwanda ni cha nani?"
"Chetu."
"Chama ni cha nani?"
"Chetu."
"Basi karatasi hii unamwandikia nani?
Mtu hujishtaki? Mtu hujigomea?"

Nilikuwa nachonga penseli. Nikaendelea kuichonga
hata ilipokwisha kuchongeka.

Zdravka aliutazama mkono wake, akaupindua juu ya meza.
"Huu nao ni wangu," akasema.
"Saa tisa za usiku hufa ganzi.
Nauita, hauitiki.
Basi naubamiza kwenye chuma cha mtambo
mpaka ukumbuke ni wa nani."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
ndivyo walivyosema wahenga.
Hawakusema kitu juu ya aliyekilalia zamani,
miezi minane,
na mpaka leo anaapa kwamba anawashwa.

Walimfukuza Chamani mwezi wa Machi.
Kadi ilinirudia ndani ya bahasha,
picha yake imetobolewa na pini.
Yale majina mia moja na arobaini sikuyaona tena,
ingawa jiko la ofisi liliwaka vizuri siku ile
na mimi niliota moto kama wengine.

Hesabu ikashuka: sitini nukta tisa.
"Sofia watauliza," akasema Katibu,
akanitajia jina la mpwa wake,
mwanafunzi wa sheria, aliyeingia ukumbini mara moja
kupiga picha.
"Kazi?" nikauliza.
"Mfumaji. Ukoo mzima ni wafumaji."

Nikachovya kalamu.
Mwandiko wangu ni mzuri; ndiyo sababu walinichagua.
Langu mwenyewe nililiandika zamani:
mwana wa dobi. Mfanyakazi.

Jioni nikashuka ngazi, nikatokea langoni.
Zamu ilikuwa inatoka, wanawake wakikohoa ndani ya mitandio.
Mmoja akaniona, akajibana ukutani
akanipisha,
vile vile mama yangu alivyokuwa akimpisha
yule mwenye shuka.