Shubiri Moja na Nusu

Usiku ule Temuco mvua ilinyesha kwa ubavu,
moshi wa kuni ukalalia mabati.
Ercilia Huenchulaf, mfumaji wa mablanketi,
aliletwa juu ya mkokoteni wa viazi,
macho manjano kama kiini cha yai,
mkojo rangi ya chai iliyosahaulika jikoni,
mikono imechimbwa na kucha zake mwenyewe kwa mwasho.
Hakulia. Alitetemeka tu, meno yakigongana,
akauliza nani atawafungulia kondoo asubuhi.

Mimi nilikuwa mshika bomba.
Si kazi ya kusimuliwa harusini:
bomba la kioo lililochorwa sentimita,
maji ya chumvi ndani,
na sifuri yake usawa wa mfereji wa nyongo.
Ukikosea kwa upana wa kidole
umelisingizia ini la watu.

"Fungua," akasema Daktari Baltierra.
Nikafungua. Maji yakateremka:
hamsini, arobaini na tano, arobaini,
yakasita,
yakapanda na kushuka kwa pumzi zake,
kisha yakagoma.
Thelathini na nne.

Baadaye nilipima juu ya meza kwa mkono wangu:
shubiri moja na nusu.
Neno hilohilo, urefu na uchungu.

Ini halina makuu. Hutoa nyongo kutwa kucha
bila kuombwa, bila kushukuriwa,
lakini lizibie mlango wa chini
uone: likifika thelathini hivi, linaacha kazi.
Nyongo iliyokosa njia hurudi ilikotoka,
inawabeba wadudu wake hadi kwenye damu,
na mtu anatetemeka chini ya mablanketi manne
aliyoyafuma mwenyewe.
Tukimsifu mtu twasema hana nyongo.
Ercilia alikuwa nayo imefurika,
wala hakuwahi kumkosea jirani.

Jiwe lilitoka saa nane na robo,
la kahawia, kama kokwa la cheri.
Likagonga bakuli: ti.

"Rudia."
Nikajaza bomba, nikafungua.
Thelathini yakaipita kama hayaijui,
ishirini, kumi na tano,
yakatulia kwenye kumi na moja.
Hakuna aliyeshangilia.
Muuguzi Otilia alimfuta daktari miwani,
nami nikagundua nimesimama kwa mguu mmoja
tangu saa saba.

Siku ya tisa aliniita kitandani.
Weupe wa macho ulikuwa unarudi, pembeni kwanza.
"Wanasema wewe ndiye uliyeona. Kilikuwa na kimo gani,
hicho kilichotaka kuniua?"
Nikatandaza kiganja juu ya shuka,
kidole gumba hadi cha mwisho,
kisha nusu yake tena.
Akacheka, ameshika mshono.
"Hiyo haitoshi hata pindo la blanketi."

Halafu akanyamaza.
Akaweka mkono wake palepale ulipokuwa wangu,
mkono mdogo, mkavu, wenye sugu za uzi,
akapima polepole, mara ya kwanza, mara ya pili.
"Kwako labda," akasema.
"Kwa mkono wangu, ni karibu mbili."