Swali la Tatu

Umoja, saa mbili usiku. Tokeni ya stima
imebaki yuniti mbili. Swali la tatu:
"Uongo ni dhambi hata ukiokoa roho. Jadili."
Hoja nne nimezipanga kwa wino mwekundu,
ya tano inanikwepa tangu Jumapili.

Mlango wagongwa. Ajenti wa ploti.
Mama nyuma ya pazia, kidole mdomoni.
"Mamako yupo?"
"Ameenda Mwala, matangani."
Hata marehemu nikampa jina: Mzee Kithome,
na ugonjwa nikampa, sukari.

Nyayo zashuka ngazi.
Mama acheka bila sauti, ananikatia mkate,
kipande cha mwisho, kile kinene.

Narudi daftarini. Hoja ya tano
imejileta yenyewe, imekaa, yaningoja.
Sijui niiandike upande upi.