Ukuni Shavuni

Mgrevilea wa mpakani tuliuangusha Januari,
siku tatu baada ya mjomba Eliakunda kwenda kuazima msumeno
akarudi na maneno.
Tukatumia shoka.

Mama alikataa kuni ziegemee ukuta.
"Ukuta una jasho. Acha kiganja kimoja,
upepo naye ni mgeni, anataka pa kupita."
Basi chini mawe, juu ya mawe mapapi
ya lile banda la ng'ombe lililokufa na ng'ombe wake,
kisha kuni, gamba likitazama mbingu,
ncha zikipishana pembeni
kama vidole vya mtu anayesali bila haraka.
Masika hayajafika, bati likawa juu,
juu ya bati jiwe,
juu ya jiwe kuku mwekundu aliyejipa cheo.

Zamani Mama alizisikiliza.
Alitwaa mbili, akazigonganisha:
zikisema *du*, rudisha;
zikisema *ka!*, washa.
Mwaka juzi masikio yake yalifunga mlango.
Siku hizi nagonga mimi,
yeye anatazama mdomo wangu.

Na mwaka jana nilimdanganya.
Ukungu wa Juni ulikuwa umeshalala migombani,
Baba hajamaliza wiki kaburini,
nyumba imejaa watu wa Uru na wa Kibosho,
masufuria yanasubiri.
Niligonga. Zikasema *du*.
Mdomo wangu ukasema *ka*.

Jiko likafuka hadi sebuleni.
Shangazi Ndeshi, leso puani, akatania:
"Watu wa Moshi, mnakimbia moshi?"
Wote wakacheka, wote wakafuta macho,
hata kaka yangu Anaeli
aliyekuwa hajatoa chozi tangu ile simu ya usiku,
na hakuna aliyemwuliza analilia nini.

Usiku, sahani zimekwisha kuoshwa,
Mama aliuchomoa ukuni mmoja, akauweka shavuni,
akakaa nao muda,
kama anayepima homa ya mtoto.
Ukuni mbichi una ubaridi wake, hauna haja ya sikio.
Alinitazama.
Akamtazama Anaeli pale pembeni.
Akausukuma ukuni katikati ya mafiga.
"Ongeza," alisema. "Hizihizi."

Leo ni siku ya nne mlima haujaonekana.
Nimefunua bati; kuku amegoma kuhama.
Kuni zimepasuka vichwani, zina magaga
kama visigino vya waliozichanja.
Mama yuko mlangoni ndani ya blanketi.
Nampa wa kwanza. Shavu la kulia.
Shavu la kushoto.
"Zimekauka!" anatangaza,
kwa sauti ya mtu asiyejisikia,
na ng'ambo ya mpaka mwenye msumeno anageuka,
mikono kwapani, pua nyekundu kwa baridi.

Mama anamwona.
Anavuta blanketi, anafikiri kidogo.
"Mpelekee mzigo mmoja," ananiambia,
akidhani ananong'ona.
"Zile za chini."