Ukuta wa Uani

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
ukuta wetu mmoja, pande zake mbili:
kwangu turubai la Shemboza, meno yote nje,
kwa Mwanakheri bendera ya wale wengine.

Tangu Agosti hatuombani chumvi uso kwa uso.
Mtoto ndiye tarishi:
"Mama anasema umuazime mbuzi ya nazi."
Mbuzi naitoa, salamu naibana.

Usiku mmoja Shemboza akaoteshwa ndevu za mkaa.
Nikajua ni Mhina, mwana wa jirani;
mwandiko ule nilimfundisha mimi.
Nikanyamaza. Zilimpendeza.

Oktoba ikapita na matarumbeta yake.
Alishinda nani? Waulize waliokula pilau.

Vuli ikaingia, jiko la Mwanakheri likavuja,
nikasikia sufuria zikipokea matone
moja
moja
hadi adhana.
Nikamtungua Shemboza, mita tatu nzima,
nikapanda ngazi bila kubisha hodi.

Sasa yupo juu ya mafiga, kifudifudi,
moshi umemla jicho moja,
anayakonyeza maharage.
Mwanakheri anamenya muhogo, hanitazami:
"Huyu wako," anasema, "kumbe hodari."