Mizani ya Malori

Siku ya kumi na tisa.
Nimepanga mbegu za alizeti juu ya dawati,
moja moja, kama askari apangaye risasi.
Kila mkono unapoamka kutafuta pakiti
naupa mbegu, naudanganya, unatulia.
Mkono una kumbukumbu kushinda kichwa.

Kazi yangu ni kupima uzito wa wengine.
Lori la ngano hupanda limejaa, hurudi tupu;
natoa kidogo katika kikubwa, naandika tofauti.
Miaka thelathini na mmoja ya hesabu hiyo
hapa Saskatchewan, ambako ardhi imelala bapa
kama shuka iliyopigwa pasi
na upepo hauna pa kugonga ila shavuni.
Vumbi la ngano hulipuka kama baruti,
kwa hiyo tulivutia nje, kando ya uzio,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
glavu moja mkononi, nyingine mfukoni.
Sikuwahi kuona huo ni wazimu.
Niliuita mapumziko.

Daktari alisoma sukari yangu: mkate basi,
viazi basi.
Kisha akasikiliza kifua, akanyamaza, akasikiliza tena.
"Na sigara, Verna."
Nikacheka; kikohozi kikamalizia kicheko.
Dada yangu Olha aliacha mwaka wa mafuriko,
akaongeza kilo kumi na nne.
Akairudia sigara.
Kilo hazikuondoka.

Mshika mawili moja humponyoka.
Na mwachaji wa mawili, je?

Asubuhi mayai kwa siagi.
Mchana kabichi na nyama ya nguruwe.
Jioni kabichi ile ile, imebadili sahani tu.
Alhamisi, ukumbini mwa kanisa, wanawake wanakunja pirogi,
mia sita, vidole vyeupe kwa unga,
nami nimewekwa penye sufuria: natia chumvi, sionji.
Mama mkwe ananitazama
kama mtu aliyebadili dini.

Usiku wa kumi na mbili nilianguka.
Kipande cha mwisho cha mkate, kile chenye gamba,
siagi nene kama kidole,
nimesimama mbele ya friji, mlango wazi,
taa yake ikinishuhudia.
Nilipomaliza nilitaka na moshi juu yake.
Nikapekua makabati, makoti, nikafika
kwenye buti la marehemu Nestor.
Ilikuwemo moja, imekauka, imepinda.
Niliinusa.
Nikairudisha butini.
Bado imo. Sitasema uongo.

Mizani ya bafuni nimeifungia stoo.
Jumamosi, malori yakiisha, napanda ile kubwa,
peke yangu, na koti, na buti,
katikati ya chuma cha mita ishirini na tano.
Inaandika: 80.
Wiki iliyofuata: 80.
Haijui kilo moja, haijui mbili,
inahesabu kwa kumi kumi;
dhambi ndogo hazina namba kwake.
Ningependa kuhukumiwa hivyo siku ya mwisho.

Leo Orest kasimamisha lori, kashusha kioo.
"Verna, umenenepa?"
"Mizani haijasema."
Akatupa kitako cha sigara thelujini,
nami nikakifuata kwa macho mpaka kilipozima.
Mate yalinijaa. Niliyameza.

Kisha akafunua turubai ili nichukue sampuli,
na kitu kikanipiga puani,
kikavu, kitamu kwa mbali,
kama utosi wa mtoto aliyeshinda juani.
Nikauliza: "Umebeba nini leo?"
Orest akanikodolea macho.
"Ngano, Verna. Ngano tu, kama jana."

Miaka thelathini na mmoja
nilidhani haina harufu.

Nikaandika uzito wake.
Nilikosea tarakimu moja, nikafuta,
nikaandika tena.