Kofia ya Namba Arobaini na Moja

Nimepima vichwa Makoroboi miaka ishirini na minne.
Futi kamba, kuzunguka juu ya masikio,
naandika kwa kalamu ya risasi kwenye boksi la sabuni:
jina, inchi, siku ya kuchukua.
Hakuna kichwa kilichonishinda.

Jana Nyangeta kaja na karatasi kutoka chuoni.
Nakala ya kadi kuukuu, wino umekwenda rangi ya chai.
Ukerewe, mwaka thelathini na nne.
Na. 41. Mwanamume. Umri, thelathini hivi.
Urefu wa kichwa. Upana wa kichwa. Upana wa pua.
Ngozi: namba 27.
Jina halikuulizwa.
Na picha, ya mbele na ya ubavuni:
sikio la kushoto lina pengo la ndoana.

Nikaacha cherehani.
Sikio hilo nimelishika utotoni, nikibebwa mabegani.

Babu Mazigo alikuwa akitusimulia:
daktari alikuja Bukindo na koleo la chuma,
akatupanga mstari, akatubana paji na kisogo,
akatupa chumvi, kijiko kimoja kimoja.
Nikasimama wima nisimharibie kipimo.
Nani hupima kichwa cha mtu asimshonee kofia?

Aliingoja.
Kila meli ilipotia nanga Nansio aliingoja,
uzeeni akicheka, lakini akichungulia.

Nyangeta anasema vichwa vile viliingizwa kwenye majedwali:
huyu wa kutawala, huyu wa kubeba, huyu bado mtoto,
na waliojumlisha wakaitwa wataalamu.
Anasema damu, ukiisoma leo, haiujui mpaka huo.
Nikamwambia, mwanangu, damu siijui,
ila hili nalijua kifundi:
walikata kitambaa kwanza,
ndipo wakazunguka ziwa kutafuta vichwa vya kukivaa.

Usiku sikufunga.
Urefu na upana nikavigeuza mzunguko,
inchi ishirini na moja na nusu, kasoro uzi.
Nikakata bafta nyeupe.
Kisha nikatafuta uzi namba 27,
maana kadi ni kadi.
Kwenye rafu yangu ishirini na saba ni kijani,
kijani cha magugu maji pale Kirumba.
Nikatarizi kwa huohuo.

Sasa imekaa juu ya kibuyu mlangoni.
Wateja wanauliza bei.
Kwenye boksi nimeandika Mazigo, nimeandika inchi zake.
Siku ya kuchukua
sijaandika kitu.